Mipaka ya Utafiti wa Uzamili katika Usimamizi wa Maliasili: Mfano wa Kata ya Chanji na Uwanda wa Juu wa Ufipa

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mipaka mitatu ya utafiti, yaani mpaka wa eneo, mpaka wa majira na mpaka wa lugha, inavyoathiri matokeo ya tasnifu za uzamili kuhusu usimamizi wa maliasili. Ufafanuzi umejengwa juu ya mfano wa Kata ya Chanji, iliyomo katika Manispaa ya Sumbawanga, pamoja na Uwanda wa Juu wa Ufipa unaoizunguka. Hoja kuu ni kwamba mipaka ya utafiti huwekwa kwa kufuata ratiba ya chuo na taratibu za utawala, ilhali maliasili zenyewe zina mipaka yake. Pale ambapo mipaka hiyo hailingani, mtafiti anaweza kukusanya data sahihi na bado akafikia hitimisho lisilo sahihi. Kilimo cha intumba cha Wafipa kimetumika kama kielelezo kikuu, kwa sababu mzunguko wake unavuka msimu mmoja wa mvua. Makala inahitimisha kwa kupendekeza maswali ambayo msimamizi na mtahini wanaweza kuyatumia katika kupima tasnifu za taaluma hii.

1.0 Utangulizi

Katika sura ya kwanza ya tasnifu, sehemu ya mipaka ya utafiti mara nyingi hupewa aya moja. Mtafiti hutaja kata au vijiji alivyochagua, hutaja muda na fedha kuwa vikwazo, kisha huendelea na sehemu inayofuata. Kwa baadhi ya taaluma jambo hilo halina madhara makubwa. Kwa taaluma ya usimamizi wa maliasili, aya hiyo moja inaweza kuamua kama tasnifu nzima imeona kile ilichokwenda kukitazama.

Taaluma hii ina mizizi katika vyuo vikuu kadhaa vya Tanzania. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 mjini Morogoro, hufundisha misitu, wanyamapori na usimamizi wa maliasili katika ngazi ya uzamili na uzamivu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimempa mtumishi wa umma aliyeko mkoani nafasi ya kusoma bila kuacha kituo chake cha kazi. Kwa mkoa ulio mbali na vyuo vikuu vikuu kama Rukwa, nafasi hiyo ina maana kubwa. Hata hivyo, inaleta pia hali ambayo miongozo ya utafiti haina budi kuizingatia: mtafiti anayemhoji mkulima kuhusu uvunaji wa miti anaweza kuwa ndiye ofisa anayesimamia sheria ya misitu katika eneo hilohilo.

Makala hii haipimi tasnifu yoyote mahususi. Inaeleza tatizo la kimbinu linaloweza kujitokeza katika tasnifu yoyote ya taaluma hii, na inalieleza kwa kutumia eneo moja ambalo tatizo hilo linaonekana kwa uwazi.

2.0 Usuli wa Eneo

Uwanda wa Juu wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974, uko katika mwinuko wa takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwezi Novemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, na hufuatiwa na kipupwe na kiangazi kirefu.

Maji ya uwanda huu huelekea pande mbili. Yanayotiririka magharibi huingia Ziwa Tanganyika, na kupitia mto Lukuga hujiunga na mfumo wa mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Miongoni mwa mito ya upande huo ni Kalambo, wenye maporomoko ya zaidi ya mita 200 katika mpaka wa Tanzania na Zambia. Yanayotiririka mashariki huishia Ziwa Rukwa, ambalo halina mto unaotoka, na ambalo kwa sababu hiyo hupanuka na kusinyaa kwa kiwango kikubwa. Udongo unaomomonyoka katika mteremko wa mashariki hauna pengine pa kwenda isipokuwa bondeni na ziwani.

Sehemu kubwa ya uwanda ni nyika ya nyasi. Misitu iliyobaki ni michache, na unaojulikana zaidi ni msitu wa hifadhi wa Milima ya Mbizi, karibu na Sumbawanga, juu ya ukingo wa bonde la Rukwa. Msitu huu ni chanzo cha maji na ni makazi ya mbega wekundu, ambao hali yao katika Uwanda wa Ufipa ilielezwa na Davenport na wenzake mwaka 2007. Kata ya Chanji ni miongoni mwa kata za Manispaa ya Sumbawanga, na kwa hiyo kiutawala ni eneo la mji.

3.0 Mpaka wa Eneo: Kata na Bonde

Kata ni kipimo rahisi kwa mtafiti. Ina ofisi, ina Ofisa Mtendaji, ina takwimu za sensa na ina mipaka inayotambulika. Kibali cha utafiti nacho hushuka kwa ngazi za utawala: kutoka chuoni au Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwenda mkoani, wilayani, hadi kwenye kata na mtaa. Hivyo si ajabu kwamba sampuli nyingi hupangwa kwa kata. Tatizo ni kwamba maji, udongo, moto na wanyama havifuati ngazi hizo.

Ichukuliwe kwamba mtafiti wa uzamili amechagua Chanji ili kuchunguza ushiriki wa jamii katika usimamizi wa misitu. Kwa kuwa ni kata ya mjini, imegawanywa katika mitaa, na mtaa hauna mamlaka juu ya ardhi na misitu yanayolingana na yale ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una kauli katika ugawaji wake. Chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, kijiji kinaweza kutenga msitu wake na kutunga sheria ndogo za kuusimamia. Mtaa wa mjini hauna nafasi hiyo. Mtafiti atakayeorodhesha kaya za mtaa na kuziuliza kuhusu ushiriki wao katika vikao vya msitu atapata asilimia ndogo, na anaweza kuandika kwamba mwamko wa jamii ni mdogo. Data hiyo itakuwa sahihi, lakini hitimisho litakuwa limewapima watu kwa mamlaka ambayo hawakupewa.

Wakati huohuo, kata ya mjini inahusika sana na maliasili zilizo nje yake. Katika miji mingi ya Tanzania mkaa na kuni ni nishati kuu za kupikia, na miti inayotoa nishati hiyo huvunwa mbali na jiko linaloitumia. Vilevile, mkazi wa mji anaweza kuwa na shamba katika kijiji cha jirani na kulitembelea kwa msimu. Kwa hiyo kaya moja inaweza kuhesabiwa kuwa ya mjini katika sensa, kuwa ya kijijini katika kilimo, na kutoonekana kabisa katika orodha ya wanufaika wa msitu. Utafiti unaotumia kata kama mpaka wake unakata uhusiano huu katikati.

Makala hii haisemi kwamba kata isitumike. Kata inafaa kama mahali pa kuanzia. Kinachohitajika ni mtafiti kufuata maliasili anayoichunguza kutoka hapo: akichunguza maji, afuate mkondo hadi kwenye chanzo, akichunguza mkaa, aufuate kutoka sokoni hadi kwenye tanuri, akichunguza ardhi, amfuate mkulima hadi shambani kwake. Mpaka wa eneo uwe matokeo ya ufuatiliaji huo, na uelezwe kwa sababu zake.

4.0 Mpaka wa Majira: Kielelezo cha Intumba

Programu ya uzamili kwa kawaida huwa na mwaka mmoja wa kozi na muda usiozidi mwaka wa utafiti na uandishi. Ukusanyaji wa data uwandani huchukua wiki au miezi michache, na mara nyingi hupangwa wakati wa kiangazi, barabara za vijijini zikiwa zinapitika na wakulima wakiwa na nafasi ya kuhojiwa. Katika Ufipa, mpango huo unagongana moja kwa moja na mantiki ya kilimo cha wenyeji.

Intumba ni matuta ya duara ambayo Wafipa huyajenga kwa jembe la mkono katika nyika ya nyasi. Wakati wa mvua, udongo ukiwa laini na nyasi zikiwa mbichi, mkulima hukata nyasi pamoja na mizizi na udongo wake, akazigeuza na kuzifukia ndani ya tuta. Nyasi hizo huoza na kuwa mbolea. Matuta huweza kupandwa mazao kama maharage, kisha hubaki yakisubiri. Mvua za msimu unaofuata zinapoanza, matuta hubomolewa, udongo uliorutubika husambazwa, na ulezi hupandwa juu ya eneo lililosawazishwa. Baada ya mavuno shamba huweza kuendelea kutumika au kupumzishwa hadi nyasi zirejee. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeandika kwa kina kuhusu Wafipa kuanzia miaka ya 1960, aliutaja mfumo huu kama msingi wa uchumi wao wa kilimo. Mfumo unaokaribiana nao hupatikana kwa majirani zao Wamambwe, upande wa Zambia, ambao huuita fundikila.

Maana ya mfumo huu hujitokeza zaidi ukilinganishwa na citemene ya Wabemba wa Zambia. Mbemba alikata matawi ya miti katika eneo kubwa, akayarundika katika eneo dogo na kuyachoma ili kupata majivu. Mfipa, aliyeishi penye miti michache, aliupata urutubisho kwa kuozesha nyasi bila kuzichoma. Hili ni jibu la kitaalamu kwa tatizo la mazingira, na linalingana kwa kiwango na mashimo ya ngolo ya Wamatengo wa Mbinga, ambayo yamechunguzwa kwa muda mrefu na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakishirikiana na wenzao wa Kyoto, Japani.

Swali la kimbinu ni hili: mtafiti anayefika kwa wiki sita mwezi Agosti ataona nini? Ataona matuta makavu yasiyo na zao, au shamba tambarare lenye mabua ya ulezi, au nyika iliyopumzishwa. Hatayaona kuwa ni hatua tatu za jambo moja, isipokuwa kama ameuliza kuhusu mwaka uliopita na mwaka ujao. Akitumia picha za satelaiti, tatizo halipungui. Picha za kiangazi hupendelewa kwa sababu hazina mawingu, lakini ndizo ambazo shamba lililovunwa, ardhi iliyopumzishwa na nyasi zilizoungua huweza kuonekana karibu sawa. Ramani ya matumizi ya ardhi itakayotokana nazo inaweza kuweka matuta katika kundi la ardhi tupu, na mapumziko katika kundi la ardhi isiyotumika.

Makosa ya aina hii yana historia katika utafiti wa Afrika. Mwaka 1994 Henrietta Moore na Megan Vaughan waliirejea citemene na kuonesha kuwa maelezo ya maofisa na watafiti wa kikoloni kuhusu mfumo uliokuwa ukifa yaliacha nje bustani, matuta na mabadiliko ambayo wakulima walikuwa wakiyafanya muda wote. Mwaka 1996 James Fairhead na Melissa Leach walionesha kwamba katika eneo la Kissidougou nchini Guinea, vipande vya msitu vilivyodhaniwa kuwa mabaki ya msitu mkubwa ulioharibiwa na wanavijiji vilikuwa, kwa sehemu kubwa, vimeoteshwa na kulindwa na wanavijiji haohao. Katika visa vyote viwili mtafiti alikuwa ameona mandhari ya siku moja na kuisimulia kama historia.

Onyo hilo linaihusu nyika ya Ufipa moja kwa moja. Ni rahisi kuandika katika usuli wa tatizo kwamba uwanda huu ulikuwa msitu na kwamba wenyeji wameumaliza. Ni kweli kwamba Wafipa waliyeyusha chuma kwa karne nyingi katika matanuri marefu yaitwayo malungu, yaliyohitaji mkaa, na kwamba Bertram Mapunda katika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1995 alionesha kuwapo kwa teknolojia zaidi ya moja ya uyeyushaji kusini magharibi mwa Tanzania. Moto wa nyika nao una nafasi yake, sawa na mwinuko, baridi na aina ya udongo. Uzito wa kila sababu ni swali la utafiti lenye kuhitaji ushahidi wa akiolojia, wa chavuamimea na wa masimulizi. Kuliandika kama jambo lililokwisha kujulikana ni kumhukumu mwenyeji kabla ya kumsikiliza.

Mpaka wa majira una pia upande wa historia ya karibuni. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu katika makazi ya pamoja na kuyaweka mbali baadhi ya mashamba yaliyopumzishwa kwa mzunguko. Baadaye Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ikitegemea mbolea ya ruzuku na bei moja ya nchi nzima, hadi mageuzi ya uchumi yalipoiondoa misaada hiyo. Plau ya ng'ombe ilipanua mashamba kwa kasi isiyowezekana kwa jembe la mkono. Mkulima anayejenga intumba leo anaweza kuwa anafanya hivyo kwa kuwa mbolea ya dukani ni ghali, na mwenzake aliyeacha anaweza kuwa ameacha kwa kukosa nguvukazi. Neno mila halitoshi kueleza uamuzi wa yeyote kati yao.

5.0 Mpaka wa Lugha: Hojaji na Maana

Tasnifu za usimamizi wa maliasili huandikwa kwa Kiingereza, hojaji hutafsiriwa kwa Kiswahili, na mhojiwa mzee wa Ufipa huweza kuifikiria shughuli yake kwa Kifipa. Katika kila daraja maana huweza kubadilika bila mtafiti kutambua. Maneno mawili ya Kiswahili yanatosha kulionesha jambo hili.

Neno la kwanza ni hifadhi. Katika kamusi, kuhifadhi ni kutunza kitu kisiharibike. Katika matumizi ya vijijini, hifadhi ni eneo: pale penye bikoni, pasiporuhusiwa kulima wala kulisha mifugo. Mkulima anayefukia nyasi katika tuta akiulizwa, "Je, unafanya hifadhi ya udongo?" anaweza kujibu kuwa hafanyi, na jibu lake litakuwa la kweli kwa namna alivyolielewa swali. Angeulizwa, "Shamba likichoka unalifanyaje?" angeeleza kazi ya miezi kadhaa.

Neno la pili ni maliasili, neno lililomo katika kichwa cha taaluma yenyewe. Kwa mwananchi wa kawaida, Maliasili ni idara, na watu wa maliasili ni maofisa wanaokagua vibali na kukamata mkaa. Hojaji inayoanza kwa neno hilo, ikiletwa na mgeni aliyetambulishwa na Ofisa Mtendaji, humfanya mhojiwa ajilinde. Atataja mafiga sanifu ambayo hana na kuuficha mkaa anaouuza. Kwa kuwa uvunaji wa mazao ya misitu huhitaji kibali, kumdai ukweli bila kumhakikishia usiri ni kumtaka ajishtaki. Pale mtafiti mwenyewe anapokuwa ofisa wa idara hiyo, tasnifu haina budi kueleza waziwazi namna hali hiyo ilivyoshughulikiwa.

Hapa ndipo tasnifu za Kiswahili zinapopata kazi mpya. Tangu masomo ya uzamili ya Kiswahili yaanze katika vyuo vya Tanzania, tasnifu nyingi zimehusu fasihi, isimu, methali na majina. Maarifa hayo yanagusa mazingira kuliko inavyodhaniwa. Uchunguzi wa kisemantiki wa istilahi za Kifipa za udongo, nyasi, hatua za shamba na aina za moto ungempa mtafiti wa maliasili msingi wa hojaji ambao hawezi kuupata kwa kutafsiri kutoka Kiingereza. Vivyo hivyo, ikisiri ya Kiswahili katika kila tasnifu ya maliasili ingemwezesha mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji, ambaye mihtasari na sheria ndogo zake zote ni za Kiswahili, kusoma kilichoandikwa kuhusu ardhi yake na kukipinga inapobidi.

6.0 Athari za Mipaka Isiyolingana

Uzito wa suala hili hauishii katika alama za mtahiniwa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, katika kufafanua ardhi ya jumla, inaijumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyotungwa mwaka huohuo, haina maneno hayo katika ufafanuzi wake. Wanasheria na watetezi wa haki za ardhi wameijadili tofauti hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu ardhi ya jumla iko chini ya Kamishna wa Ardhi na inaweza kugawiwa kwa mwekezaji. Katika mazingira hayo, neno "isiyotumika" katika ramani ya tasnifu ni neno zito. Nyika iliyopumzishwa ikiandikwa hivyo, tasnifu inakuwa imetoa ushahidi dhidi ya kijiji bila kukusudia, na ushahidi huo una muhuri wa chuo kikuu.

Athari ya pili ni ya mapendekezo. Tasnifu iliyohitimisha kuwa mwamko ni mdogo hupendekeza elimu kwa umma. Kama tatizo halisi lilikuwa kukosekana kwa mamlaka, semina haitalitatua, na jamii iliyofundishwa bila kupewa mamlaka itaonekana tena, katika tasnifu inayofuata, kuwa haina mwamko.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala hii imeeleza kwamba mipaka ya utafiti wa uzamili katika usimamizi wa maliasili ni sehemu ya mbinu na haifai kuchukuliwa kuwa taarifa ya utangulizi tu. Mfano wa Chanji umeonesha kwamba kata ya mjini hutumia maliasili ambazo haina mamlaka nazo. Mfano wa intumba umeonesha kwamba mfumo wa kilimo unaovuka misimu miwili hauwezi kueleweka kwa ziara ya msimu mmoja. Mfano wa maneno hifadhi na maliasili umeonesha kwamba swali lililotafsiriwa vizuri linaweza bado kuulizwa vibaya.

Kwa msingi huo, inapendekezwa kwamba wakati wa kutahini tasnifu za taaluma hii maswali yafuatayo yazingatiwe:

(a) Je, mpaka wa eneo umefuata maliasili inayochunguzwa, au umefuata ngazi za utawala peke yake? Kama umefuata utawala, kilichoachwa nje kimetajwa?

(b) Je, muda wa kukusanya data unalingana na mzunguko wa shughuli iliyochunguzwa? Kama haulingani, mtafiti amewahoji wahusika kuhusu misimu ambayo hakuwapo?

(c) Je, hojaji imejaribiwa kwa lugha ambayo wahojiwa huitumia kuelezea kazi zao, na istilahi za wenyeji zimewekwa katika tasnifu pamoja na maana zake?

(d) Je, uhusiano wa mtafiti na mamlaka zinazosimamia maliasili umeelezwa?

(e) Je, ardhi iliyopumzishwa imetofautishwa na ardhi isiyotumika katika ramani na majedwali?

(f) Je, ikisiri ya Kiswahili imeandaliwa na nakala yake kurejeshwa katika kijiji au mtaa uliotoa data?

Maswali haya hayaongezi gharama kubwa ya utafiti. Mengi yanaweza kujibiwa kwa kupanga ziara mbili fupi, moja wakati wa mvua na nyingine wakati wa kiangazi, badala ya ziara moja ndefu. Mtafiti atakayefika Ufipa mwezi Februari atawakuta wakulima shambani, majembe mikononi, wakifukia nyasi. Akirudi mwezi Desemba atayakuta matuta yaleyale yakibomolewa kwa ajili ya ulezi, na hapo ndipo atakapokuwa na haki ya kuandika kuhusu matumizi ya ardhi hiyo.